Rangi Haiangaliwi kwa Taa

Mama mkwe wangu alianza na masikio. Hakunipa hongera, hakuuliza kama nimejifungua salama au nimeshonwa nyuzi. Aliingia wodini, akaweka chupa ya chai juu ya kabati, akafunua shuka na kukunja sikio la mwanangu kwa vidole viwili, kama mteja anayekagua upindo wa nguo kabla hajalipa. Wanasema rangi atakayokuja kuwa nayo mtoto imejificha hapo, kwenye ukingo wa sikio na kwenye mashina ya kucha. Aliangalia la kulia, akaangalia la kushoto, kisha akamfunika.

"Huyu mtoto ni mweupe," alisema.

"Watoto wote huzaliwa weupe, mama."

"Mwanangu hakuzaliwa hivi."

Akajimiminia chai. Wifi yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu habari ikishamfikia haizimwi tena, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na simu mkononi. Hakusema kitu, na hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Redio akinyamaza ujue anarekodi.

Niseme mapema yaishe: mtoto ni wa mume wangu. Nalisema ili usipoteze muda kunipima unaposoma, maana wa kunipima walikuwa wengi na hawakuhitaji msaada.

Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba vimezunguka ua mmoja wenye bomba moja na kamba za nguo zisizotosha. Kwenye mlango unaotazamana na wetu anakaa fundi wa umeme, kijana mweupe wa kupita kiasi, wa wale ambao jua likiwapiga wanakuwa wekundu shingoni. Nilipokuwa na mimba changa soketi ya cherehani yangu iliungua, akaja kuitengeneza. Alikaa muda wa kufungua skrubu, kufunga skrubu na kunywa maji, mlango ukiwa wazi. Kosa lake ni kuzaliwa mweupe na kujua kazi yake. Kwamba siku hiyo mimba tayari ilikuwa tumboni, hesabu hiyo hakuna aliyejisumbua kuipiga.

Muuguzi aliyeniruhusu kurudi nyumbani alikuwa na haraka lakini alisema yote. Nimnyonyeshe mara kwa mara hata akiwa amelala, niangalie kitovu, nimrudishe kliniki siku ya tatu. Na nikiona macho au ngozi inageuka manjano, au mtoto hataki kunyonya, nisiisubiri hiyo siku ya tatu.

"Na umtazame mchana, kwenye mwanga," alisema, huku akiwa ameshamgeukia mama mwingine.

Mwanga ndio kitu nilichokuwa sikitaki. Mimi nashona mapazia, ndiyo kazi yangu. Nilikuwa na kitambaa kizito cha kahawia kilichobaki kwenye kazi ya nyumba ya wageni, kile kinachozuia jua hata saa sita mchana. Nikakishona nikiwa bado natembea kwa kujishikilia ukutani, nikatundika kimoja dirishani na kingine mlangoni. Ikabaki balbu yetu, ile ya njano. Chini ya balbu ile watu wote wana rangi moja, hata Redio.

Wageni wakaja. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kumshika mtoto, na kila aliyemshika vidole vilipanda kuelekea sikioni. Nikamvalisha kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi, soksi, na vile vifuko vya mikononi vinavyofungwa kwa utepe. "Mtoto amelala," nilikuwa nawaambia. Waliangalia mapazia, wakaangaliana, wakaniambia chumba changu kina joto.

Na kweli alikuwa analala. Nikimwekea titi mdomoni anavuta kidogo, anaachia, anasinzia. Maziwa yalijaa hadi kifua kikawa kigumu kama ubao, nikawa nakamua kwenye kikombe na kumwaga, huku machozi yananitoka kwa maumivu. Mama mkwe alikuja akamkuta amejinyoosha, kimya.

"Una bahati, umepata mtoto mtulivu," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza zuri. Nililipokea kwa mikono miwili, nikataka kumkaribisha chai.

"Baba yake alipozaliwa alilia hadi majirani wakahama," aliongeza. "Huyu sijui utulivu huu ameutoa wapi."

Chai nikainywa mwenyewe.

Lakini niliyemwogopa kuliko wote alikuwa mume wangu. Yeye anachanganya rangi za kupaka kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mteja analeta kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, na yeye anatia tone hili na tone lile mpaka anaipata rangi ileile. Ana sheria moja aliyoniambia tangu tukiwa wachumba: rangi haiangaliwi kwa taa. Anapaka kidogo kwenye ubao, anamshika mteja mkono, wanatoka hadi mlangoni pa duka na kuangalia kwenye mwanga wa jua. Wasipofanya hivyo, anasema, mtu anafika nyumbani anakuta amenunua rangi nyingine.

Mtu wa namna hiyo hukai naye chumba kimoja ukamficha rangi. Nilimwona anavyombeba mtoto chini ya balbu, anamgeuza huku na huku. Hakusema lolote. Mume wangu si msemaji, na kabla ya hapo ukimya wake nilikuwa naupenda. Sasa nilikuwa nausikiliza kama mtu anayesikiliza panya darini.

Jioni moja tulipokuwa tunakula akaniuliza, bila kuinua macho, "Yule fundi alikuja lini kutengeneza ile soketi?"

"Kwa nini?"

"Naona kama imelegea."

Alipoenda kuoga niliinuka nikaigusa. Haikuwa imelegea hata kidogo. Nilikaa kitandani nimekumbatia mtoto wangu, nikajiambia hakuna atakayemvua huyu kofia. Si mama mkwe, si wifi, si baba yake.

Siku ya kliniki ilipofika, Redio alibisha hodi akiwa amevaa vizuri.

"Wifi, nimekuja kukusindikiza."

Redio hajawahi kumsindikiza mtu hata hadi getini bila faida. Nikaliona benchi la kliniki kichwani mwangu, wanawake wa mtaa mzima wamejipanga, madirisha makubwa, mtoto anavuliwa nguo zote apimwe uzito na Redio kasimama pembeni na simu yake. Nikamwambia mshono unauma, nitaenda siku nyingine.

"Haya," alisema. "Unajua mwenyewe unachoogopa."

Asubuhi iliyofuata mtoto hakunyonya kabisa. Nilimbembeleza, nikamkamulia matone mdomoni, yakatiririkia shavuni. Nikafikiri ameshiba ya usiku, ingawa ya usiku sikuyakumbuka vizuri. Mume wangu alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Nikamwachia mtoto, nikatoka kwenda bombani kusuuza nepi.

Nilipogeuka, pazia la mlango lilikuwa limesogezwa hadi mwisho. Mume wangu alikuwa amesimama kizingitini, mtoto mikononi, kofia imevuliwa. Jua la asubuhi lilikuwa limempiga mtoto usoni.

Niliacha nepi zikaelea na bomba linamwaga maji.

"Mrudishe ndani!"

"Subiri," alisema.

"Nisubiri nini? Ndicho ulichokuwa unangoja, nigeuke? Haya, kagua! Ukimaliza utangaze, watu wote wako hapa, sema mtoto ni wa nani!"

Milango ilikuwa inafunguka ua mzima. Nilimshika mkono, nikamkwaruza kwa kucha. Hakujitetea. Alibonyeza kidole gumba kwenye paji la uso la mtoto, akakiachia, akabonyeza tena.

"Njoo uone," alisema.

"Sitaki kuona!"

"Mke wangu, njoo uone. Hii si rangi ya mtu."

Sauti yake ndiyo iliyonifanya niangalie. Pale alipobonyeza, kabla damu haijarudi, ngozi ilikuwa ya manjano iliyokolea. Akashusha kidogo kope ya chini kwa kidole. Mahali panapotakiwa kuwa peupe napo palikuwa manjano. Nikamvua mtoto soksi, nikaangalia nyayo, manjano tupu. Nikamfinya unyayo, nikamfinya kwa nguvu, mimi mama yake. Alikunja uso kidogo, akarudi kulala.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo.

Fundi wa umeme alikuwa ametoka na mswaki mdomoni. Akautupa. "Gari langu lipo nje, twendeni hospitali!" alisema, na tayari alikuwa anakimbia kuchukua ufunguo.

Mume wangu hakusogea. Nilimwona anamwangalia yule kijana, kisha mtoto, kisha yule kijana tena. Mwanangu anakufa mikononi mwake na yeye bado analinganisha.

"Panda gari!" nilimpigia kelele. "Panda, au nipe mtoto wangu niende naye mwenyewe!"

Akapanda.

Njiani simu yake iliita. Mama mkwe, habari zilishamfikia. Alisema tusihangaike, tumwanike juani, manjano huondoka yenyewe. Fundi alikuwa anaendesha huku amewasha taa zote za hatari, hageuzi shingo nyuma, kama anayejua kwamba hata kutuangalia kutahesabiwa.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi. Alimvua mwanangu kila kitu. Akamtoboa kisigino, akachukua damu, na mimi nikaombwa damu yangu pia. Aliuliza mtoto amezaliwa lini, anakojoa mara ngapi, ananyonyaje, kwa nini hakuletwa kliniki. Nilimjibu yote isipokuwa la mwisho.

"Mngemwanika juani mngemwua," daktari alisema, mume wangu alipomweleza ushauri wa mama yake. "Kwa manjano ya kiwango hiki jua si dawa. Kuna taa maalumu."

Wakamlaza uchi kwenye kisanduku cha kioo, wakamfunika macho kwa kitambaa, wakawasha taa za buluu juu yake na chini yake. Siku zote zile nilikuwa namfungia mwanga nje, na dawa aliyokuwa anahitaji ilikuwa mwanga. Nililia hadi muuguzi akaniletea kiti.

Daktari alirudi na majibu. Hakukaa.

"Kiwango kiko juu sana. Nitawaambia ukweli. Kikipanda zaidi, sumu hii inaingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa, na asipokufa anaweza asisikie, au asije kukaa wala kutembea. Taa zikishindwa kukishusha tutambadilishia damu. Mama, uendelee kukamua maziwa, tumlishe kwa mpira wa puani."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa amesimama kama mlingoti, hata kifua hakichezi.

"Imetokana na nini?" aliuliza.

"Damu hazikupatana. Mama ni kundi O, mtoto ni kundi A. Damu ya mama ikaiona ya mtoto kama mgeni, ikaipiga vita, na ile iliyovunjika ndiyo inayoleta manjano. Hutokea, na si kosa la mtu."

"Hiyo A," mume wangu alisema taratibu, "ameitoa wapi?"

"Kwa baba, bila shaka. Wewe ni kundi gani?"

"A. Niliwahi kuchangia damu, wakaniambia ni A."

"Basi ndiyo hivyo," alisema daktari, akageuka kuangalia mashine.

Na mume wangu akashusha pumzi. Ilikuwa ndefu, ilitoka chini kabisa, mabega yakateremka nayo. Mtoto alikuwa hajafungua macho. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ataishi, wala kwamba atasikia tukimwita. Na yeye alipumua kama mtu aliyetua gunia.

Nilisubiri daktari atoke.

"Umepumua," nikamwambia.

"Nini?"

"Daktari amesema mtoto anaweza kufa, hukupumua. Amesema A, umepumua."

"Nimechoka tu."

"Watu wa kundi A wamejaa dunia nzima. Yule aliyetuleta kwa gari lake labda naye ni A. Umemuuliza?"

Kwa sekunde moja niliona jambo hilo likimpita machoni, nikajua hata hiyo A yake haitamtosha kwa muda mrefu.

"Asubuhi ulimtoa nje kuangalia nini?"

"Niliona hayuko sawa."

"Usinidanganye mbele ya mtoto."

Alikaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Nilitaka kumwona kwenye mwanga," alisema. "Mara moja tu, roho itulie. Wamenisema, mama na dada, kila nikifika kwao. Nilipomtoa ndipo nikaona ile rangi. Nikasahau mengine yote, haki ya Mungu."

Hukuyasahau, nilitaka kumwambia, uliyakumbuka tena ulipomwona fundi. Nikanyamaza, kwa sababu hapo ndipo nilipokwama, na hadi leo nimekwama. Mume anayeniamini angevaa viatu vyake asubuhi ile akaenda kazini. Mwanangu angeendelea kulala, mtulivu, nyuma ya pazia nililolishona kwa mikono yangu, na jioni tungemkuta wa baridi. Aliyemwokoa ni huyu aliyenishuku. Sijui unamshukuruje mtu wa hivyo, na sijui unamwachaje.

Simu yake iliita tena. Mama yake. Alinyanyuka atoke nje kuipokea, nikamshika suruali.

"Waambie mtoto anaumwa. Habari za kundi la damu usiwaambie."

"Kwa nini? Si ndiyo itakayowafunga midomo?"

"Ndiyo maana. Mwanangu yuko kwenye kisanduku amefungwa macho, nami nikasafishwe kwa ugonjwa wake? Sitaki. Waniamini bure kama wanavyowaamini watu wengine, au waache."

"Sawa."

"Apa."

"Naapa," alisema, akatoka.

Kioo cha mlango kilikuwa na alama za vidole vya watu. Nilimwona anatembea korido nzima na simu sikioni, anakwenda, anarudi. Sikusikia neno. Niliona tu kwamba alipokuwa anakwenda uso wake ulikuwa umekunjamana, na alipokuwa anarudi ulikuwa umekunjuka.

Jioni walimtoboa tena. Kiwango hakikuwa kimepanda. Daktari alisema tusishangilie, nikashangilia kimoyomoyo. Asubuhi kikawa kimeshuka, na kabla ya saa nne mwanangu alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe: alilia kwa njaa. Alilia akiwa amekunja ngumi, mwekundu, amekasirika, wodi nzima ikageuka. Muuguzi alizima taa kwa muda, akamfungua macho, akanikabidhi. Masikio watayapima akikua kidogo, daktari alisema, kwa sasa hawezi kutuahidi. Nilimweka kwenye titi. Alilivamia, akavuta hadi nikauma meno.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa. Mama mkwe alikuwa mbele, kajitanda nguo yake ya sherehe, Redio nyuma yake na kapu la matunda. Tangu mtoto azaliwe, mama mkwe alikuwa akimwita "huyu mtoto", au "huyo". Bibi yeyote ninayemjua humtania mjukuu wake wa kiume kwa kumwita mume, tangu siku ya kwanza, hata kabla kitovu hakijakatika. Yeye hakuwahi.

"Mume wangu yuko wapi?" alisema kwa sauti ya kusikika hadi korido, mikono ameinyoosha mbele. "Jamani, nipisheni nimbebe mume wangu!"

Redio alicheka, akaniita wifi yake kipenzi. Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa upande wa pili wa kisanduku, anasoma maandishi kwenye chupa ya dripu ya mtoto wa kitanda cha pili, anayasoma kwa makini sana.

"Ngoja ashibe, mama," nilisema, nikageuza kiti nikawapa mgongo.